Je, ndui iliisha kwa sababu watu walilazimishwa kuchanjwa?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 61 na ana kovu la duara kwenye mkono wa juu, anasema ni la chanjo ya ndui. Mimi na wadogo zangu hatuna. Jirani yetu amekataa watoto wake wasichanjwe surua. Nikibishana naye ananiambia hata kwenye ndui watu walikamatwa na kuchanjwa kwa nguvu, na wenye akili zao walikataa. Mume wangu naye anasema ni kweli walilazimishwa, ndiyo maana ugonjwa ukaisha, na hata leo dawa ni hiyo hiyo. Nani mkweli? Kwa nini sisi hatukuchanjwa? Na kovu la mama linamkinga na mpox, ile homa ya nyani?

Jibu:

Marahaba, dada. Jirani yako na mume wako wote wawili wana kipande cha ukweli mkononi. Ni kweli watu walilazimishwa, tena kwa zaidi ya miaka 100 na katika mabara tofauti. Lakini kulazimisha siko kulikoimaliza ndui. Kuna nchi ambako sheria kali ziliushusha ugonjwa, hilo sitalificha, ila kilichoufikisha mwisho ni kazi ya namna nyingine kabisa, na sehemu yake moja ilibuniwa na watu walewale waliokuwa wakiipinga chanjo. Nitakwenda taratibu.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tumebaki na jina tu na tunauchanganya na tetekuwanga. Ndui ilianza kwa homa kali ya ghafla, mgongo ukiuma, mtu akianguka kitandani. Baada ya siku mbili tatu homa ilishuka kidogo, mgonjwa akadhani nafuu imekuja, ndipo upele ulipotoka: mdomoni, usoni, kisha mikononi na miguuni, mpaka viganjani na kwenye nyayo. Upele wote ulikuwa rika moja. Ukiwa wa majimaji, wote una majimaji. Ukiwa wa usaha, wote una usaha, na ukibonyezwa ni mgumu, kama punje iliyofukiwa ndani ya ngozi. Tetekuwanga hutoka kwa mafungu, zaidi kifuani na mgongoni, na siku moja utakuta kipele kibichi kando ya kigaga kilichokauka. Aina kali ya ndui iliua karibu watu 30 katika kila 100 iliowapata. Waliopona wengi walibaki na mashimo usoni, na baadhi walipofuka. Dawa ya kuitibu haikuwapo. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake iliua watu milioni 300.

Shika hilo la upele usoni na viganjani. Ndui haikuweza kujificha, na nitalirudia.

Sasa chanjo. Kiswahili kimetunza historia hapa bila sisi kujua. Neno limetokana na kuchanja, kukata ngozi kidogo kwa wembe, kama mtu anavyochanjwa chale. Sindano za leo zinachoma, hazichanji, lakini kinga ya kwanza ya ndui ilikuwa chale kweli. Sehemu mbalimbali za Afrika, India na Uturuki watu walichukua usaha wa mgonjwa aliyeugua kidogo, wakachanja ngozi ya mtu mwenye afya na kuutia humo. Wachina walipuliza unga wa magaga puani. Aliyechanjwa aliugua ndui ya kweli, ila mara nyingi hafifu, na akipona haimrudii.

Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, Marekani. Mchungaji mmoja wa huko, Cotton Mather, alikuwa ameshaelezwa habari hii na Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, ambaye alisema alichanjwa kwao na akamwonyesha kovu. Mather akawasihi madaktari wajaribu. Alikubali mmoja tu, Zabdiel Boylston, akaanza na mwanawe mwenyewe wa miaka 6 na watumwa wake wawili. Mlipuko ulipopita, waliougua wenyewe walikuwa wamekufa karibu 14 katika kila 100. Waliochanjwa, karibu 2. Lakini kabla hesabu hiyo haijafungwa, mtu alirusha bomu dirishani kwa Mather. Halikulipuka.

Madaktari waliopinga walikejeli kwamba elimu ya Waafrika haiwezi kuwa tiba, na hiyo ni dharau tupu. Ila walikuwa pia na hoja moja yenye uzito: aliyechanjwa kwa usaha wa ndui aliweza kumwambukiza jirani ndui kamili. Nakutajia hili mapema kwa sababu utalikuta tena na tena katika kisa hiki. Ndani ya kelele za wanaokataa, mara nyingi kuna swali moja halali ambalo hakuna aliyekaa chini kulijibu.

Edward Jenner wa Uingereza ndiye aliyelijibu hilo. Wakamuaji wa ng'ombe walijulikana kwa nyuso laini zisizo na mashimo. Walikuwa wakipata vipele vya ndui ya ng'ombe mikononi, kisha ndui ya watu haiwagusi. Tarehe 14 Mei 1796 Jenner alichukua majimaji kutoka kwenye kipele cha mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, akamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps. Wiki kadhaa baadaye akamtia mtoto huyo usaha wa ndui ya kweli. Hakuugua. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingempitishia utafiti wa namna hiyo, na sijui kama nami ningekubali mwanangu awe James. Lakini chanjo ikapatikana ambayo haimwambukizi jirani ndui.

Tatizo likahamia kwenye usafirishaji. Bila friji, namna ya uhakika ya kuitunza chanjo ilikuwa kuipitisha mkono kwa mkono: mtoto anachanjwa, kipele kinaiva, majimaji yake yanachanjwa kwa mtoto mwingine. Hispania ilipotaka kuipeleka Amerika mwaka 1803 ilipakia melini watoto yatima 22, wakawa wanachanjwa wawili wawili kwa zamu safari nzima. Njia hiyo ilibeba na magonjwa mengine. Mwaka 1861 huko Rivalta, Italia, makumi ya watoto waliambukizwa kaswende kwa sababu majimaji ya chanjo yalitolewa kwa mtoto aliyekuwa nayo bila kujulikana. Mzazi wa zama hizo aliyesema "naogopa mtachanja na ugonjwa mwingine" hakuwa mzushi.

Ni katika hali hiyo ndipo sheria za kulazimisha zilipokuja. Uingereza mwaka 1853 iliagiza kila mtoto mchanga achanjwe. Jiweke mahali pa mama wa kibarua. Unampeleka mtoto kwenye kituo cha umma, anachanjwa sehemu kadhaa za mkono kwa kisu kidogo. Siku ya nane unatakiwa kumrudisha ili akaguliwe, na wakati huohuo kipele chake kinapasuliwa ili majimaji yachanjwe kwa watoto wa wengine waliopanga foleni. Ukikataa, faini, usipolipa, vitu vyako vya ndani vinauzwa au mumeo anafungwa. Baadaye sheria ikaruhusu faini kurudiwa kwa kosa lilelile. Tajiri alilipa akasahau, au alimwita daktari nyumbani. Kwa hiyo sheria iliyoandikwa kwa ajili ya wote iliwabana wasio na kitu.

Machi 1885, makumi ya maelfu ya watu waliandamana mjini Leicester, wamebeba mabango, jeneza la mtoto na sanamu ya Jenner. Mwaka 1898 bunge likalegeza, mzazi mwenye pingamizi la dhamiri akaruhusiwa kupata msamaha. Jirani yako akisema walikuwapo waliokataa, hao ndio. Lakini muulize kama anajua walifanya nini baada ya kukataa, maana hapo ndipo kisa kinanoga. Watu wa Leicester hawakukaa wakaisubiri ndui. Walijenga utaratibu: kila mgonjwa ataripotiwa mara moja, atatengwa hospitali maalumu, aliokutana nao watawekwa karantini, nyumba na nguo zitasafishwa. Wauguzi waliohudumia wagonjwa hao walichanjwa. Hata wapinzani hawakufanya mchezo hapo. Mlipuko wa 1892 na 1893 haukuuangamiza mji kama ilivyotabiriwa, ingawa walioumia zaidi walikuwa watoto ambao hawakuchanjwa.

Wakati huohuo Ujerumani ilikwenda njia ya mume wako. Sheria ya mwaka 1874 ilitaka mtoto achanjwe akiwa mchanga na tena anapofika miaka 12, na vifo vya ndui vikashuka sana. Nimeahidi sitaficha. Ila serikali ile ilikuwa na orodha ya kila mtoto, vituo vya karibu na madaktari wa kutosha. Sheria ilikuja juu ya huduma iliyokwisha kuwapo.

Linganisha na Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1904. Serikali ilikuwa inabomoa nyumba za maskini ili kupanua barabara, wapulizaji dawa wanaingia majumbani na polisi, kisha juu ya hayo ikapitishwa sheria ya chanjo ya lazima iliyosimamiwa na daktari Oswaldo Cruz. Novemba mji ukawaka kwa karibu wiki nzima: tramu zilipinduliwa, mawe yakang'olewa barabarani, watu wapatao 30 wakafa, mamia wakafukuziwa mbali kwenye misitu ya Acre. Ulazima ukasimamishwa. Mwaka 1908 ndui ikarudi Rio ikaua maelfu. Cruz alikuwa sahihi kisayansi kwa kila kitu, na hilo halikumsaidia mtu yeyote. Waliokuwa barabarani walikuwa wamebomolewa nyumba kwanza, chanjo ikaja kama tusi la mwisho.

Sasa tufike ilipoishia. Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni yake kali Januari 1967, ikiongozwa na Mmarekani Donald Henderson, ingawa wazo la kuitokomeza ndui duniani lilikuwa limewasilishwa mwaka 1958 na Msovieti, Viktor Zhdanov. Ndiyo, Marekani na Umoja wa Kisovieti, katikati ya vita baridi, walikuwa upande mmoja kwenye jambo hili. Wakati huo ndui ilikuwa bado imeota mizizi katika nchi zaidi ya 30, na wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 10 hadi 15 kwa mwaka. Mpango wa mwanzo ulikuwa rahisi kuutamka: chanja watu 80 katika kila 100, ugonjwa utakufa wenyewe. Haukufa. Palipokuwa na msongamano mkubwa, hao waliobaki walitosha kuuweka hai.

Desemba 1966 daktari William Foege alikuwa mashariki mwa Nigeria na akapata taarifa ya mlipuko, naye hana chanjo za kutosha kuwachanja wote. Alifanya nini? Wamisionari wa eneo lile walikuwa na redio za mawasiliano na kila jioni walizungumza. Foege aliwaomba wagawane ramani, kila mmoja atume watu vijijini kuuliza: kuna mgonjwa wa ndui hapa? Kesho yake jioni alijua ugonjwa uko wapi, na pia masoko na jamaa ambako ungeelekea. Akapeleka chanjo huko tu, kuzunguka wagonjwa, kama mtu anayefyeka majani kuuzunguka moto. Ndani ya miezi michache mlipuko ulikatika, na sehemu kubwa ya wakazi hawakuwa wamechanjwa kabisa. Lilikuwa wazo la Leicester, safari hii likiwa na chanjo mkononi.

Kazi ya kampeni ikabadilika. Ikawa kutafuta. Watafutaji walitembea na kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui, wakaionyesha sokoni, shuleni, kwa madereva, kwa wazee. Walijifunza kuwauliza watoto, kwa sababu mtoto hajui kuficha jambo la jirani. Aliyetoa taarifa ya kweli alipewa zawadi. Mgonjwa wa mwisho kuupata ugonjwa wa aina kali kwa njia ya kawaida, mtoto Rahima Banu wa kisiwa cha Bhola, Bangladesh, Oktoba 1975, alitajwa na msichana wa miaka 8, naye akapewa zawadi yake, taka 250, fedha ya Bangladesh.

Kifaa chenyewe ungekishangaa kwa udogo. Sindano ya chuma, urefu wa kidole, ncha yake imegawanyika mara mbili kama uma wa mwanasesere. Ukiichovya kwenye chupa, tone moja la chanjo hunasa katikati ya meno yale mawili, kiasi kamili cha mtu mmoja. Kisha unamdunga harakaharaka mara 15 mahali pamoja, eneo dogo kuliko kitufe cha shati, mpaka damu ichomoze kidogo. Mtu asiyejua kusoma alifundishwa kazi hiyo kwa dakika chache. Chanjo yenyewe ilikuwa imekaushwa ikawa unga, inastahimili joto kwa wiki kadhaa bila friji, unaichanganya palepale. Baada ya siku tatu au nne kipele, baada ya wiki lengelenge lenye kibonyeo katikati, wiki ya tatu kigaga kinaanguka na kuacha kovu. Ukimchanja mtu ndani ya siku tatu tangu akutane na mgonjwa, mara nyingi aliwahi kabla ya ugonjwa.

Mume wako atauliza: na hakukuwa na nguvu kabisa? Ilikuwapo. Kusini mwa Asia, miaka ya 1973 hadi 1975, timu nyingine zilivamia usiku, milango ikavunjwa, wanawake wakashikwa mikono na kuchanjwa huku wakilia. Washiriki wenyewe waliandika hayo baadaye. Wapo wanaotetea kwamba ilibaki hatua moja na muda ulikuwa hautoshi. Nimelifikiria sana hilo na msimamo wangu ni huu: kampeni iliyotegemea watu kumtaja mgonjwa haikuweza kumudu kuwatia watu hofu ya kumtaja. Kila mlango uliovunjwa ulifundisha mtaa mzima kuficha. Waliofanikiwa zaidi ni waliorudi nyumba ileile mara ya tatu, wakamtanguliza mtu anayeheshimika pale, wakachanjwa wao wenyewe mbele ya watu.

Nilijifunza hili kwa miguu yangu. Nikiwa kijana kazini, kwenye kampeni ya surua, nilikabidhiwa orodha ya nyumba zilizoandikwa "wakaidi". Ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye watoto watatu. Nilikwenda na hotuba yangu yote kichwani, naye akanikalisha kwenye kigoda, akamalizia kufua, kisha akaniuliza kama mtoto mwenye mafua anaweza kuchanjwa. Nikamwambia mafua madogo si kizuizi. Akasema mwaka uliopita aliuliza hivyo hivyo kwenye kituo fulani, mhudumu akamfokea mbele ya watu kwamba amechelewa na mtoto mchafu. Hakuwahi kurudi. Watoto wote watatu walichanjwa siku ile, na hotuba yangu sikuitoa.

Nikupe mgonjwa mmoja zaidi, maana hakuna anayenifikirisha kama yeye. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Watu wa hospitali walitakiwa kuwa wamechanjwa, yeye alikwepa. Alisema baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilipita kuuliza njia ya kambi ya kuwatenga. Akapanda kuwaelekeza, safari ya dakika chache. Homa ilipomwanza walidhani ni malaria. Upele ulipotoka wakasema tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na marafiki wakaja kumpa pole. Mwenzake wa kazini ndiye aliyetoa taarifa. Wafuatiliaji wakawasaka watu zaidi ya 100 waliokutana naye, na watu zaidi ya 50,000 wa eneo lile wakachanjwa ndani ya wiki mbili. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kutoka kwake. Akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui iliyokuja kwa njia ya kawaida.

Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni za polio nchini mwake, na wazazi waliosita aliwasimulia kwamba yeye pia alikataa, na ikamfikisha wapi. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Kama ningeweza kumtuma mtu mmoja azungumze na jirani yako, ningemtuma yeye badala yangu.

Baada ya Somalia dunia ilisubiri miaka miwili kuona kama kutatokea mwingine. Alitokea, lakini si kutoka kijijini: mwaka 1978 mpiga picha wa chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, Janet Parker, aliambukizwa kirusi kilichokuwa kikitunzwa kwenye maabara ya jengo alimofanyia kazi, akafa. Tangu hapo maabara zikabanwa, na leo kirusi kinatambuliwa rasmi kuwapo sehemu mbili tu, Atlanta huko Marekani na Koltsovo huko Urusi. Tarehe 8 Mei 1980 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imekwisha.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili. Hukuchanjwa kwa sababu chanjo ile, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa na makali. Ilikuwa na kirusi hai. Katika kila watu milioni moja waliochanjwa mara ya kwanza, mmoja au wawili walikufa, na wengine walipata uvimbe wa ubongo au kidonda kisichofunga. Mwenye pumu ya ngozi aliweza kuenewa na malengelenge mwili mzima, hata kwa kuishi tu na aliyechanjwa. Ndui ikiwa mlangoni, hatari hiyo ni ndogo mno. Ndui ikiwa haipo, hata kifo kimoja ni kingi. Marekani iliacha kuchanja watoto kwa kawaida tangu mwaka 1972, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 dunia nzima ilikuwa imeacha.

Na surua ya jirani? Hapa nisieleweke vibaya, nisije nikampa silaha. Mbinu ya kuuzunguka ugonjwa ilifaa ndui kwa sababu ndui haikujificha: haikuishi kwa wanyama, haikuwa na mbebaji asiye na dalili, na mgonjwa aliambukiza zaidi baada ya upele kuonekana. Surua inaambukiza siku nne kabla ya upele, wakati mtoto anaonekana ana mafua tu. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza 12 hadi 18 wasio na kinga. Unapomwona mgonjwa, duara la kumzunguka limeshavuka mtaa. Kwa hiyo inahitaji karibu watoto 95 katika 100 wawe wamechanjwa mapema. Watoto wa jirani wakingoja mgonjwa aonekane kwanza watakuwa wamechelewa, na surua si upele tu. Inaleta nimonia, inaweza kupofusha, na inafuta sehemu ya kinga ambayo mwili ulikwisha kuijenga dhidi ya magonjwa mengine.

Usianze naye kwa ndui. Muulize anachoogopa kwenye chanjo ya surua hasa, na nani alimtendea nini. Huenda ni homa aliyoipata mtoto wa kwanza, huenda ni maneno ya mhudumu. Ukikijua, nenda naye kituoni akaulize mwenyewe. Mume wako mwambie kwamba sheria ya kutaka kadi ya chanjo wakati wa kuandikisha shule siipingi, mradi chanjo ni bure, iko karibu na inatolewa kwa heshima. Askari mlangoni nampinga.

Tubaki na mama. Kirusi cha mpox ni ndugu wa kirusi cha ndui, na uchunguzi uliofanywa Kongo miaka ya 1980 ulionyesha kwamba chanjo ya ndui ilizuia mpox kwa takriban asilimia 85. Ila hiyo ilikuwa karibu na wakati wa kuchanjwa. Miongo imepita, kinga imepungua, na katika milipuko ya tangu 2022 wapo waliochanjwa utotoni walioambukizwa hata hivyo. Lichukulie kovu lake kama akiba ya zamani ambayo hujui imebaki kiasi gani. Chanjo mpya inayotumika sasa, MVA-BN, imetengenezwa kwa kirusi kisichoweza kuzaliana mwilini mwa binadamu. Hutolewa kwa sindano ya kawaida, dozi mbili zikipishana wiki nne, haiachi lengelenge wala kovu lile, na hata wanaoishi na VVU wanaweza kuipata. Inatolewa kwanza kwa walio kwenye hatari: waliokutana na mgonjwa, wahudumu wa afya, watu wa maeneo yenye mlipuko. Kama hakuna mgonjwa karibu nanyi, wewe na mama hamhitaji kuikimbilia.

Hakikisha tu kwamba kovu ni la ndui kweli, maana wengi huchanganya na la chanjo ya kifua kikuu. La ndui kwa kawaida ni pana kiasi, limebonyea, lina mistari myembamba inayotoka katikati kwenda pembeni. La kifua kikuu mara nyingi ni dogo zaidi, na huenda hata wewe unalo. Na mama akitokewa na homa pamoja na upele viganjani, au tezi zikimvimba, kovu lisimcheleweshe: aende kituo cha afya, mtenganishe taulo na matandiko, na mseme alikutana na nani. Msalimie sana.